Atelier: uanze na ipi? Marie, Rorona, Sophie, Ryza na Yumia kwa anayetaka gemu ya kutuliza akili

Mwezi wa nne na wa tano huku Arusha mvua inashika kwelikweli, wageni wanapungua, magari ya safari yanapaki, na sisi tunaoendesha wageni tunakaa nyumbani siku nyingi kuliko kipindi kingine chochote cha mwaka. Ndo kipindi changu cha Atelier. Chai pembeni, mvua inapiga bati, Switch (mashine ya gemu ya Nintendo ya kushika mkononi) iko nami, nashinda humo ndani naokota majani na mawe na kupika kwenye chungu mpaka mama watoto aniite kula. Sasa mwaka huu watu watatu wa karibu yangu wameniuliza swali hilo hilo, kwamba hizi gemu ziko nyingi sana, mtu aanze na ipi. Mdogo wangu wa kike yuko Moshi, ni muuguzi, anatoka shifti kachoka anataka kitu cha kupumzisha kichwa. Binamu yangu yuko chuo, ana laptopu ya kawaida na hela ya kubangaiza. Na jirani yangu hapa Sakina amekulia kwenye mabanda ya PS, amezoea mpira na gemu za kupigana. Kila mmoja nilimpa jibu lake, na ndo nikaona niweke yote sehemu moja, maana najua wapo wengine wamekwama hapo hapo.

Kwa asiyejua kabisa: Atelier ni mfululizo wa RPG (gemu za stori ambapo unamkuza mhusika) za Kijapani unaotengenezwa na Gust, kampuni iliyoanza 1993 huko Nagano na sasa iko chini ya Koei Tecmo. Ya kwanza ilitoka 1997 kwenye PlayStation ya kwanza na toka hapo zimetoka zaidi ya 20. Hilo jina ni Kifaransa, maana yake karakana. Na ndo hivyo, karibu kila gemu ina msichana mwenye karakana yake na chungu kikubwa katikati, anatoka kwenda porini kuokota vitu, anarudi anavipika, vinageuka dawa, mabomu, mkate, vitambaa, vyuma vya kufulia silaha. Yeye wanamwita mtu wa alkemia. Shida zake mara nyingi ni za kawaida kabisa, afaulu mtihani, karakana isifungwe, amtafute mama aliyepotea, amsaidie rafiki anayeumwa. Ndo maana watu tunasema zinatuliza.

Utamu wenyewe uko kwenye chungu, na hapa naomba nieleze taratibu maana bila kuelewa hili huwezi kuchagua. Fikiria mbege, ile pombe ya ndizi ya Wachaga. Bibi yangu kule Marangu alikuwa anapika, ndizi zimeiva vizuri, zinachemshwa mpaka zinakuwa nyekundu, zinakaa siku kadhaa, ulezi ulioota unasagwa na kupikwa, vinachanganywa, na msesewe (magome ya mti) unatia ule uchungu. Nyumba mbili zinaweza kukata ndizi kwenye kihamba (shamba la migomba) kimoja na mbege zikatoka tofauti, kwa sababu ulezi wa huyu ulianikwa vizuri, wa yule ulipata unyevu, huyu kazidisha msesewe. Atelier iko hivyo. Jani lile lile ukiliokota leo lina ubora 20, kesho ukilikuta sehemu nyingine lina ubora 80 na lina sifa ya ziada, na ile sifa inahamia kwenye dawa unayopika, na hiyo dawa ukiitumia kupika kitu kingine sifa inaendelea kusafiri. Kwahiyo unaanza na jani la pembeni ya njia unaishia na bomu la kumlaza bosi mkubwa (adui mgumu wa gemu), na kila hatua umeichagua mwenyewe. Siku inapokuingia akilini hautaki kulala.

Jambo lingine la kuwatoa watu hofu, huhitaji kuanza na ya 1997 ukashuka mpaka ya juzi. Zimegawanyika kwa koo. Kuna ukoo wa Arland (Rorona, Totori, Meruru na baadae Lulua), kuna wa Dusk (Ayesha, Escha na Logy, Shallie), kuna wa Mysterious (Sophie, Firis, Lydie na Suelle, halafu Sophie 2), kuna wa Ryza wenye gemu tatu. Marie ndo mwanzo wa ukoo wa kwanza kabisa (pamoja na Elie na Lilie) na Yumia ndo mwanzo wa kitu kipya. Ukoo mmoja haukudai chochote kutoka ukoo mwingine. Ila ukishaingia ndani ya ukoo fuata mpangilio, na kwa Ryza hilo ni la lazima kabisa, ntaeleza mbele.

Nimechagua tano za kulinganisha, zote ni milango mizuri ya kuingilia. Dusk nimeiacha makusudi, naipenda sana hasa Ayesha, ila ina huzuni fulani na dunia yake inakauka, mi ningempa mtu aliyeshacheza moja au mbili.

Vitu nilivyoangalia

La kwanza ni kalenda, na hili ndo kubwa kuliko yote. Atelier nyingi za zamani zina siku. Ukienda msituni siku zinakatika, ukiokota zinakatika, ukipika zinakatika, na kuna tarehe ya mwisho. Za karibuni nyingi zimeacha. Kuna mtu kalenda inampa raha, inamfanya apange, na kuna mtu kalenda inamrudisha kazini kwa bosi wake, mpaka anaiacha gemu. Jiulize hili kabla hujaangalia picha wala bei.

La pili chungu chenyewe, kinapikaje, maana kila ukoo una namna yake. La tatu stori na watu waliomo. La nne vita, zamu kwa zamu au papo kwa papo. La tano mashine na hela, yaani inacheza kwenye nini, inataka kompyuta ya nguvu gani, inachukua muda gani kuimaliza. Masaa ntakayoyataja ni ya mwendo wangu mimi, mi nazurura sana.

Na la kujua kwa zote, maandishi ni Kiingereza, hakuna Kiswahili, na maongezi ni mengi mno. Sauti za Kijapani zipo na mi nashauri uziache hivyo hivyo. Kama Kiingereza kinakusumbua kidogo usiogope, Kiingereza chake ni cha watu wanaongea dukani na nyumbani, na mdogo wangu anasema kimemsaidia kuliko alivyotegemea.

Marie Remake

Hii ndo ile ya kwanza ya 1997 iliyotengenezwa upya 2023. Marie ni mwanafunzi wa chuo cha alkemia huko Salburg, matokeo yake ndo mabaya kuliko wote waliowahi kupita pale, mwalimu wake Ingrid anamkabidhi karakana na kumwambia una miaka mitano, tengeneza kitu kitakachoniridhisha, ukishindwa huhitimu.

Kalenda: ipo, miaka mitano, ila kwenye hii mpya wameweka chaguo la kucheza bila mwisho wa muda, unachagua mwanzoni kabisa. Kwa hiyo hii ndo pekee kati ya tano ambayo inakuruhusu uonje pande zote mbili, na ningependa gemu zote za zamani zifanyiwe hivi. Hata ukiweka kalenda, miaka mitano ni mingi, sio ya kukukimbiza.

Chungu: ndo rahisi kuliko zote. Una resipe kutoka kwenye vitabu unavyonunua, una vitu vinavyotakiwa, unapika. Yale mambo ya sifa kuhama hayapo kwa kina niliyoeleza pale juu. Marie akipika sana anachoka na akichoka anaweza kuharibu. Baadae unaajiri vijitu vya msituni vinakuokotea na kukupikia, na hapo inakuwa kama unaendesha kabiashara, unapanga nani aende wapi, raha sana.

Stori: fupi fupi, vipande vipande, inategemea unatembea na nani na unaenda wapi. Yupo rafiki yake Schia anayeumwa, na ukifuatilia hilo utaguswa. Miisho iko mingi.

Vita: zamu kwa zamu, nyepesi, na wenzako unawalipa kwa safari.

Mashine na hela: PS4, PS5, Switch, kompyuta. Watu wamechorwa vifupi wenye vichwa vikubwa, haina uzito, na laptopu ya binamu yangu inaibeba bila shida. Mi niliimaliza mara ya kwanza kwa masaa kumi na tano hivi.

Inamfaa asiyekuwa na muda mrefu, anayetaka kujua mwisho ukoje kabla hajachoka, na anayependa kupanga ratiba. Anayetaka dunia kubwa na stori ndefu atahisi imeisha mapema, na anayetaka chungu chenye mahesabu hatakipata hapa.

Rorona DX

Ya 2009 kwenye PS3, ndo ya kwanza kwenye mfululizo kwenda 3D, hii DX (toleo lililoboreshwa) ilitoka 2018. Rorona anasaidia karakana ya mwalimu wake Astrid, mtu mvivu kupita maelezo, na ufalme wa Arland umechoka nayo unataka kuifunga. Rorona anapewa miaka mitatu na kazi 12, kila miezi mitatu kazi moja, akishindwa wanafunga.

Kalenda: hapa ndo moyo wa gemu. Mi nilianzia hapa na niliacha. Nakumbuka nilikuwa natoka safari ya siku nne Serengeti, nimeendesha vumbi mwili mzima, nafungua gemu nakuta zimebaki siku 12 na sijaokota hata nusu ya vitu, nikafunga. Nilirudi baada ya mwaka mzima nikiwa nimeshacheza nyingine mbili na safari hiyo nikaipenda sana, kwa sababu nilishajua kusoma chungu, na nikaja kuona kwamba kazi zenyewe zinamalizika mapema kama umepanga, siku zinabaki za kuzurura na watu. Kosa langu la mwanzo nilikuwa naenda msituni mara tatu kwa vitu ambavyo ningebeba mara moja. Soma kazi, andika pembeni vitu vyote vinavyotakiwa, halafu ndo utoke.

Chungu: hapa ndo ile habari ya mbege inaanza kweli. Ubora na sifa vinahama, unachagua uhamishe ipi, na sifa zina gharama yake kwahiyo huwezi kubeba zote. Hakuna michoro ya kuchezea, ni orodha tu, lakini kina kipo.

Stori: ya mtaani. Muuza duka, fundi chuma, mpishi, yule askari Sterk anayeletaga kazi za ikulu sura imekunjamana kumbe ana moyo. Ukitembea nao ukawafanyia oda zao wanakufungukia, na mwisho unaoupata unategemea hayo.

Vita: zamu kwa zamu, watu watatu, mabomu ya Rorona ndo silaha ya maana.

Mashine na hela: PS4, Switch, kompyuta, na hata laptopu ya zamani inajitahidi. Picha zinaonyesha umri, hilo nalisema wazi, maeneo ni madogo na yana uwazi mwingi. Masaa ishirini na kitu kwa mzunguko mmoja, na watu wengi wanarudia.

Inamfaa anayefurahia kubanwa na tarehe, mtu wa kuandika orodha, na anayetaka kuonja Atelier ya asili. Aliyechoka na presha aiache kwa sasa.

Sophie DX

Ya 2015, DX ikatoka 2021. Sophie anaishi Kirchen Bell, mji mdogo mzuri, amerithi karakana ya bibi yake. Siku moja anaandika resipe kwenye kitabu cha zamani, kitabu kinaanza kuongea. Kinaitwa Plachta na hakikumbuki kilikuwa nani. Kila resipe mpya Sophie anayoiandika, kumbukumbu kidogo inarudi. Hiyo tu ndo stori nzima na inatosha.

Kalenda: siku zinapita, mchana na usiku vinabadilika, kuna vitu na watu wa mchana na vya usiku, lakini hakuna mwisho. Hakuna anayekusubiri. Unaweza kushinda wiki nzima ya gemu unapika mkate.

Chungu: kwangu mimi hapa ndo penyewe. Chungu kina vyumba vyumba kama ubao wa drafti, na kila kitu ulichookota kina umbo lake na rangi yake, unakipanga ndani kiingie kikae vizuri, ukipatia rangi na nafasi ubora unapanda. Ni kama kupanga mabegi ya wageni nane juu ya gari, unajua yatatosha ila inabidi ujue lipi linakaa wapi. Halafu kuna aina tofauti za vyungu. Kupika dawa moja kunaweza kuchukua robo saa na usijute. Na resipe hazinunuliwi tu, zinakuja kwa mawazo, Sophie akiokota kitu fulani, akipiga mnyama fulani, akipika kitu mara kadhaa, wazo linamjia. Kwahiyo unajaribu kila kitu, na gemu inakulipa kwa kujaribu.

Udhaifu wake unatoka hapo hapo. Haikuambii uende wapi. Kuna kipindi unakaa hujui stori inataka nini, unahitaji resipe kadhaa na huna fununu zinapatikanaje. Mdogo wangu alikwama hivyo siku tatu. Dawa yake ni kufungua kile kitabu cha resipe usome vidokezo, kila resipe ambayo haijafunguka ina kidokezo cha nini kifanyike.

Stori: nimeshasema, ndogo, ya upole. Wenzake ni marafiki wa utotoni na watu wa mji. Hakuna mtu wa kumchukia.

Vita: zamu kwa zamu, watu wanne, unachagua mkao wa kushambulia au kujilinda, na wenzako wanasaidiana kutokana na mkao huo. Mwanzoni rahisi, mbele bosi wengine wanauma.

Mashine na hela: PS4, Switch, kompyuta. Inapatikana peke yake au kwenye pakiti ya tatu pamoja na Firis na Lydie na Suelle, na pakiti ikishuka bei inakuwa faida kubwa. Masaa arobaini kwangu.

Inamfaa anayetaka utulivu kweli, asiyehitaji kusukumwa, anayependa mafumbo. Anayehitaji kuambiwa hatua inayofata ataboreka katikati.

Ryza

Hii ndo iliyoleta watu wengi, ya 2019, na ikafanyiwa mpaka katuni 2023. Ryza ni binti wa mkulima kwenye kisiwa cha Kurken, shamba la wazazi limemchosha, anataka aone dunia. Yeye na Lent na Tao wanachukua mtumbwi wanavuka upande wa pili walikokatazwa, huko wanakutana na Klaudia, wanaingia kwenye matatizo, wanaokolewa na wageni wawili, Empel na Lila. Empel ndo anamfundisha alkemia. Kijana yeyote aliyekulia kijijini huku, iwe Machame au Ngaramtoni, anaielewa hii stori bila kutafsiriwa. Ule uzito wa wazee wanaosema hapa hatufanyi hivyo, na ule mlima unaouona kila asubuhi na hujawahi kuupanda.

Kalenda: hakuna. Jua linazama na kuchomoza basi.

Chungu: ni michoro ya viduara vilivyounganishwa kama matawi. Unatia kitu kwenye kiduara, kikijaa kinafungua cha pembeni, na vingine ukivifungua resipe yenyewe inageuka kuwa resipe nyingine kabisa. Unaanza unapika kitu kidogo unaishia umegundua kikubwa. Inaonekana kwa macho, unaona unakoelekea, ndo maana naona kwa mtu mpya inaeleweka haraka kuliko zote zenye kina. Baadae unaweza kurudisha kitu ulichokwisha pika ukaendelea kukiongezea, na kunakili vile ulivyovipenda, kwahiyo ukikosea hupotezi kitu. Kuokota nako kuna raha yake, mti ule ule ukiugonga kwa fimbo unapata kitu kimoja, kwa shoka kingine, kwa mundu kingine.

Stori: inakuvuta mkono toka mwanzo mpaka mwisho, alama iko kwenye ramani, hukwami. Inaanza taratibu sana, masaa matano ya kwanza ni kijiji na maongezi, vumilia. Na ndo mara ya kwanza msichana mmoja amebeba gemu tatu mfululizo. Ryza 2 na Ryza 3 zinaendelea na watu hao hao wakikua, kwahiyo usianze na ya tatu eti kwa sababu ndo mpya, utawakuta watu wanaagana na wewe hujui walikutanaje.

Vita: hapa ndo panagawa watu. Ni papo kwa papo, kila mtu zamu yake inafika kwa wakati wake na adui hasubiri ukisoma menyu. Unamwongoza mmoja, wengine wanajiendesha. Aliyezoea kupiga anafurahi, aliyezoea kufikiri kwa zamu anachanganyikiwa mwanzoni. Unaweza kushusha ugumu na hakuna aibu yoyote kwenye hilo.

Mashine na hela: PS4, Switch, kompyuta. Inataka kompyuta ya nguvu kidogo kuzidi tatu za juu, laptopu ya ofisi isiyo na kadi ya picha itahema. Kwenye Switch inakwenda vizuri. Masaa thelathini na tano mpaka arobaini.

Inamfaa anayetaka stori ya marafiki, picha nzuri, njia iliyonyooka, na yuko tayari kwa gemu tatu. Anayetaka vita vya utulivu amfikirie Sophie kwanza.

Yumia

Ya Machi 2025, na ndo ya kwanza kufika Xbox. Yumia yuko kwenye bara la Aladiss ambako himaya ilianguka na alkemia imekuwa mwiko, watu wanamwogopa kwa kazi yake. Stori ni nzito kuliko hizo zote.

Kalenda: hakuna tarehe, ila ukitembea mbali nguvu inapungua na inabidi urudi kambini ijae.

Chungu: kimerahisishwa, vitu vidogo unatengeneza hapo hapo porini bila kurudi karakana. Kwa mtu mpya ni nafuu, kwa sisi tuliozoea kukaa robo saa na dawa moja kinapita haraka mno.

Vita: ya kukimbia, kukwepa, kupiga. Stori tumeshasema. Kitu chake kikubwa ni dunia wazi, unapanda, unaruka, una pikipiki, unajenga nyumba zako sehemu mbalimbali, na kila kona kuna kitu.

Mashine na hela: PS4, PS5, Xbox, Switch, kompyuta. Ndo nzito kuliko zote, ipeleke PS5 au kompyuta ya maana, mi kwenye Switch ya zamani singependa mtu aanze nayo. Bei nayo ni ya gemu mpya.

Inamfaa anayependa kutembea dunia kubwa na vita vya haraka, jirani yangu mtu wa PS ndo huyu hasa.

Kuhusu kununua

Steam (duka la mtandaoni la gemu za kompyuta) hushusha bei mara kadhaa kwa mwaka na hizi za zamani hushuka sana, kwahiyo kama huna haraka weka kwenye orodha usubiri. Kadi ya mtandaoni ya pesa ya simu inakubali kwa wengi ninaowajua. Daunlodi usiku kwa bando la usiku au nenda mahali penye waifai, usijaribu kwa bando la siku. Kwa wenye Switch ulizia kadi za gemu used kwa watu, zipo zinazunguka mjini, ila ijaribu kwanza pale pale kabla hujatoa hela. Na umeme ukikatika ndo Switch na laptopu zinaonyesha thamani yake, mwenye PS anakaa gizani anasubiri. Atelier ya kucheza kwenye simu usihangaike kuitafuta, ile Resleriana ya simu toleo la kimataifa lilifungwa 2025.

Sasa wewe uko wapi

Kama unatoka kazini kichwa kimejaa na hutaki mtu yeyote akuambie fanya hiki kabla ya Ijumaa, chukua Sophie, na ukikwama soma vidokezo. Mdogo wangu yuko hapo, anasema akitoka shifti ya usiku anapika vitu viwili anasinzia.

Kama utulivu unaotaka ni ule wa kuongozwa, hutaki kukaa unawaza sasa niende wapi, Ryza ya kwanza. Vita ikikusumbua shusha ugumu uendelee na stori.

Kama hela ni ya shida na laptopu ni ya kawaida, Marie au Rorona. Kati ya hizo, Marie kama hujui kalenda itakufanyaje, maana unaweza kuanza bila mwisho wa muda, ukiona umeelewa unarudia na miaka mitano. Rorona kama unajijua wewe ni mtu wa kupanga, mtu ambaye Jumapili jioni anaandika ya wiki nzima.

Kama una PS5 na umezoea gemu za kukimbia na kupiga, Yumia itakukaribisha vizuri. Ukijikuta unatamani chungu chenye kazi zaidi, rudi nyuma kwa Ryza.

Kama mnacheza wawili nyumbani, mmoja ameshika pedi mwingine anaangalia, Ryza ndo nzuri kwa kuangalia maana stori inakwenda, na Sophie ndo nzuri kwa kubishana, kile kipande ukigeuze hivi, hapana kiweke kule, mi na mama watoto tumemaliza jioni nyingi namna hiyo.

Na kama ulishajaribu moja ukaiacha, angalia kwanza ni kipi kilikuchosha kabla hujaiacha Atelier yote. Kama ni tarehe, nenda Sophie au Ryza. Kama ni kukosa mwelekeo, Ryza. Kama ni maongezi mengi, Marie ndo ina machache. Kama ni kuokota na kupika kwenyewe ndo kulikuchosha, basi hata hizo nyingine nne hazitakusaidia, weka hela yako kwenye gemu ya aina nyingine.